Betri Inalala Nzima, Inaamka Maiti

Mbukwenyi, wasomaji. Simu ya karakana yangu hapa Kizota, Dodoma, hukaa kimya kuanzia Juni, nami hupata muda wa kunywa chai yangu ikiwa bado ya moto. Ikifika Novemba, mawingu ya kwanza yakijitokeza, inaita kama ya wakala wa basi. Watu wamekumbuka kwamba wana trekta. Barua za mwezi huu zote ni za betri, na naanza na ile iliyonitoa jasho.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama mjane, nalima mahindi na alizeti nje kidogo ya Kibaigwa. Marehemu mume wangu aliniachia trekta, Massey Ferguson 165, alilolinunua mwaka 2009 kwa mkulima mmoja wa Kiteto likiwa tayari limeshachoka. Injini haina neno. Tatizo ni betri. Katika miezi 14 nimenunua mbili, kila moja karibu laki tatu, na hii ya pili imeanza tabia ya mwenzake. Jioni mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye dereva, analizima vizuri. Asubuhi akigeuza swichi, stata inasema "tik" halafu basi. Tunaazima umeme kwenye Fuso la jirani, linawaka, linalima kutwa bila shida. Kijana amegundua kwamba akichomoa waya mmoja wa betri usiku na kuurudisha asubuhi, linawaka lenyewe. Lakini aliyeniuzia betri anasema hiyo ndiyo dalili ya betri kuzidiwa, ninunue kubwa zaidi. Nimsikilize nani? Mama wa Kibaigwa.

JIBU: Marahaba, mama. Msikilize kijana wako.

Alichokuwa akifanya kila usiku ni kipimo, ila hakujua kama anapima. Betri iliyochomolewa waya jioni ikaamka na nguvu zake inakwambia mambo mawili kwa mpigo: yenyewe bado inatunza umeme, na mchana ilichajiwa vya kutosha. Sasa kama ikiachwa imefungwa inaamka maiti, basi kuna kitu humo ndani ya trekta kinainyonya nyinyi mkiwa mmelala. Kununua betri kubwa zaidi ni kumpa mwizi debe kubwa zaidi.

Watu wengi huchanganya betri inayonyonywa na betri isiyochajiwa, kwa sababu asubuhi zote mbili husema "tik". Mzee aliyenifundisha kazi hii alishika spana kwa mara ya kwanza akiwa kijana mdogo pale pale kwenye wilaya yenu ya Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ambako hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mradi wenyewe ulikufa mwaka 1951, spana akabaki nayo. Alikuwa akituambia: ng'ombe akikosekana zizini, Mgogo hakimbilii mnadani kununua mwingine, anafuata nyayo kwanza.

Sikutaka jibu hili lisubiri gazeti litoke huku mvua zinabisha hodi, kwa hiyo nilimpigia mama huyu simu na tukafuata nyayo pamoja, kijana akiwa kule na bisibisi, balbu ya indiketa na ile mita ndogo ya njano anayopimia sola ya nyumbani. Naandika tulivyofanya, pamoja na mahali nilipokosea mimi.

Kwanza nilimwambia apime betri asubuhi, ikiwa imelala imechomolewa waya. Ikasoma 12.4. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, ikifika 12.0 ni njaa tupu. Usiku uliofuata akaiacha imefungwa. Asubuhi: 11.3. Kwa hiyo mwizi yupo, na si wa kudokoa.

Halafu akafungua waya wa hasi, ule unaoenda kwenye bodi, akaweka balbu ya indiketa katikati: upande mmoja kwenye kichwa cha betri, upande wa pili kwenye waya aliouchomoa. Swichi zote zimezimwa. Trekta la zamani halina kompyuta, halina saa wala king'ora. Balbu hiyo inatakiwa iwe giza kabisa. "Inawaka, mzee," akasema, "inawaka vizuri." Tukatoa balbu, tukaweka mita mahali pake, waya mwekundu ukiwa kwenye lile tundu la ampea 10. (Hapa usithubutu kumruhusu mtu apige stata. Stata inakula mamia ya ampea, na mita ya njano itakufa bila kuaga.) Mita ikasoma 3.2.

Zidisha mwenyewe: ampea 3.2 kwa saa 12, kuanzia magharibi mpaka alfajiri, ni zaidi ya ampea-saa 38. Betri imeandikwa 100, lakini hiyo ni siku iliyotoka dukani. Betri iliyolazwa njaa mara kadhaa haibebi tena mia yake.

Nikamuuliza kama kuna kitu kilichoongezwa kwenye trekta. Akasita. Mama akamjibia kwa nyuma: "Mwambie redio!" Kumbe kuna redio, na tundu la kuchajia simu, vimevutwa kwa waya wa spika moja kwa moja kutoka kichwa cha chanya, bila fyuzi, bila swichi. Nikasema kwa majivuno ya miaka yangu mingi: mwizi ni huyo. Akachomoa. Mita ikashuka kutoka 3.2 mpaka 3.0.

Haikuwa redio. Redio alikuwa kibaka tu aliyesimama karibu na tukio.

Ndipo nikamwambia aende nyuma ya alteneta, pale kwenye beringi, asogeze ncha ya bisibisi taratibu. Injini imezimwa tangu jana, swichi imezimwa, funguo ziko mfukoni kwa mama. Bisibisi ikavutwa, ikanata. Na mwili wa alteneta, akasema, una joto kama sufuria iliyoepuliwa muda kidogo. Asubuhi ya baridi, joto hilo lilitoka wapi?

Alteneta inazalisha umeme kwa kuzungusha sumaku, na hiyo sumaku si ya kudumu, inatengenezwa na umeme wenyewe unaopita kwenye koili ya ndani. Umeme unaozalishwa hupita kwenye diodi kabla ya kufika kwenye betri. Diodi ni mlango wa upande mmoja: unatoka, haurudi. Diodi moja ikitoboka, mlango unabaki wazi, na usiku umeme wa betri unarudi ndani ya alteneta na kuilisha ile koili, ikae sumaku mpaka asubuhi bila kazi yoyote. Ndiyo maana bisibisi ilinata. Ukiona pia taa nyekundu ya chaji inawaka kwa mbali wakati swichi imezimwa, ujue ni ugonjwa huo huo. Kijana alikiri kwamba amekuwa akiiona usiku na kudhani ni urembo.

Alipochomoa waya mnene wa nyuma ya alteneta, mita ilisoma sifuri. (Kabla ya kuugusa waya huo, betri iwe imefunguliwa, maana una umeme muda wote na ukigusa bodi kwa spana utaona radi ya Desemba.) Alteneta ilipelekwa kwa fundi wa umeme wa magari hapo hapo Kibaigwa, akabadilisha sahani ya diodi na makaa (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye koili inayozunguka), maana makaa nayo yalikuwa yamebaki vipisi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri ya tatu. Walipoirudisha, mkanda wa feni ukakazwa: ukiubonyeza katikati kwa dole gumba, ushuke kama sentimita moja hivi. Trekta likiwa limewaka na injini imeongezwa kidogo, betri ikasoma 14.1, na ndiyo nilitaka kusikia. Kati ya 13.8 na 14.4 lala usingizi. Kabla ya hapo ilikuwa 13.4, inachaji kwa kuchechemea.

Redio nimeiruhusu irudi, mama. Kijana anayekatua kutwa peke yake juani ana haki ya kusikiliza mpira. Ila ipitie swichini, na iwe na fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri. Ule waya wa spika ungechubuka kwenye chuma, ungeunguza trekta zima.

Sasa ile betri ya kwanza uliyoitupa. Ulinieleza kwenye simu kwamba mlipomaliza kukatua trekta lilikaa mpaka msimu mwingine, betri ikiwa imefungwa. Yaani ilinyonywa ikaisha katika siku chache, halafu ikakaa tupu miezi yote ya kiangazi. Betri ikikaa tupu hivyo, plati zake zinaganda salfeti, unga mweupe mgumu, na hata uichaji wiki nzima haitarudi ilivyokuwa. Sidhani kama iliuzwa ikiwa mbovu. Iliuawa taratibu nyumbani.

Mwisho kwako, suala la Fuso, na hili limenitisha kuliko diodi. Fuso lina betri mbili zilizounganishwa, jumla volti 24. Trekta lako ni la 12. Kama jirani alikuwa akikupa umeme kutoka vichwa viwili vya pembeni, alikuwa akiipiga alteneta yako volti mara mbili ya inazozijua, na sitashangaa kama diodi ilitobolewa hapo. Ukilazimika, Fuso lizimwe injini, chukua umeme wa betri moja tu, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi, na magari yasigusane. Na waya wa mwisho usiufunge kwenye betri yako iliyokufa; ufunge kwenye chuma safi cha injini, mbali na betri. Betri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka kwa cheche moja. Nina kovu chini ya jicho la kushoto, sihitaji kueleza zaidi.

SWALI: Fundi, nipo Bahi, natumia Massey Ferguson 35 la babu kwenye mashamba ya mpunga. Lina dainamo, si alteneta. Mwezi uliopita tuliweka betri mpya na tangu siku hiyo taa ya chaji haizimiki kabisa, hata nikiongeza mafuta. Stata inapiga vizuri. Fundi wa hapa anasema dainamo imekufa ghafla. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana, mjomba, lakini dainamo iliyofanya kazi miaka yote ikafa siku hiyo hiyo iliyofungwa betri mpya, mimi naanza kwa kumshuku aliyefunga betri.

Matrekta mengi ya Uingereza ya enzi zile yalifungwa kinyume na tulivyozoea: chanya ndiyo inakwenda kwenye bodi, hasi ndiyo inakwenda kwenye stata. Fundi kijana akifika, anaona waya wa bodi, anaufunga hasi bila kuuliza. Stata haitamsema, kwa sababu stata ya aina hiyo inazunguka upande ule ule hata ukigeuza nyaya. Kwa hiyo trekta linawaka, kila mtu anapiga makofi. Dainamo ndiyo inayobaki na kumbukumbu. Ndani yake kuna mabaki ya usumaku, na mabaki hayo yana upande. Inazalisha umeme wa upande wa zamani wakati betri iko upande mpya, na wakikutana kwenye katauti, ile swichi inayojiunga na kujikata yenyewe kati ya dainamo na betri, plati za katauti zinaungua.

Tafuta ile betri ya zamani kama hamjaiuza kwa chuma chakavu, uangalie alama ya mkwaruzo wa waya wa bodi ilikuwa kichwa gani. Kama ilikuwa chanya, irudishe hivyo hivyo. Kama unataka kubaki na hasi kwenye bodi, sikatai, ila uifundishe dainamo upande mpya: fungua waya mwembamba kwenye dainamo, ule wa alama F, kisha chukua waya kutoka kichwa cha betri ambacho hakijaenda kwenye bodi, ukiguse kile kichwa cha F mara mbili tatu, mguso wa kufumba na kufumbua. Utaona cheche ndogo. Rudisha waya, washa. Kama lina geji ya ampea, geuza nyaya zake pia, la sivyo itakuwa inasoma uongo.

Kabla ya yote hayo fungua kiboksi cha katauti utazame plati. Zikiwa zimenatana, betri itakuwa inajimwaga kwenye dainamo usiku na mchana, na nyaya zitapata moto. Zitenganishe, zisugue kwa msasa laini. Kama zimeyeyuka, nunua kiboksi kingine, usizifunge kwa waya kama nilivyoona mtu amefanya.

SWALI: Maji ya betri huku kwetu Manyoni wakati mwingine yanaadimika. Naweza kuongeza ya kisima? Kuna mtu ananishauri niongeze asidi ili ipate nguvu.

JIBU: La kwanza hapana, la pili hapana kabisa. Kinachopungua kwenye betri kwa joto na kuchaji ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza asidi unaila plati. Maji ya visima vyetu vya huku kati yana chumvi, hata kwenye sufuria yanaacha ukoko mweupe, na ukoko huo hautakiwi ndani ya betri. Nunua chupa mbili tatu za maji ya betri ukiwa mjini, uziweke stoo. Maji yafunike plati kama sentimita moja juu, usijaze mpaka mdomoni. Lakini kama unaongeza kila wiki, acha habari ya maji, pima chaji. Ikipita volti 14.8 regyuleta, kile kidhibiti cha chaji, imeshindwa kazi na betri inachemshwa.

Na ule ukungu wa kijani na mweupe kwenye vichwa, umwagie maji ya moto yenye magadi. Yatatoa povu, yatausafisha. Vizibo viwe vimekazwa, magadi yasiingie ndani. Kausha, kaza nati, paka grisi juu yake. Halafu fuata waya wa bodi mpaka unapoishia kwenye chuma, fungua, kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae. Mara nyingi "betri mbovu" inayoletwa hapa Kizota kwa bodaboda ni waya wa bodi uliobaki trektani.

SWALI: Naomba kujua kama naweza kutumia sola kuitunza betri ya trekta kiangazi chote. Msomaji, Mpwapwa.

JIBU: Unaweza, na ni jambo ambalo jua la mkoa huu linatupa bure. Paneli ya wati 20 inatosha na kuzidi. Kwa siku ya kiangazi itakupa ampea-saa saba hivi, wakati betri nzima iliyokaa bure inapoteza chini ya hapo kwa wiki nzima. Usiiunge moja kwa moja. Pitisha kwenye kontrola ya chaji, la sivyo itaichemsha betri mchana. Chomoa waya wa bodi wa trekta kwanza, ili unachokichaji kiwe betri peke yake, na kila mwezi ufungue vizibo uangalie maji.

Paneli iweke juu ya bati la banda. Mteja wangu mmoja wa huko huko Mpwapwa aliilaza juu ya boneti ya trekta, na mbuzi wake walikuwa wameshazoea kupumzika pale.